Leodgar Bukuru na Injini ya Mia Nne

Baba Paroko, makatekista wetu, wazee mliotoka Ujiji na Kasingirima, ndugu wa Simbo, majirani wa Bangwe na wote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi, mimi ni Honorata, mtoto wa kwanza wa marehemu, na nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya baba yetu, Leodgar Bukuru Gwasa. Kamati ya mazishi ilikuwa imeandaa karatasi ya ukurasa mmoja, nikaisoma jana, nikairudisha, kwa sababu ilimsifu baba vizuri lakini iliruka mambo ambayo yananong'onwa hapa msibani tangu Jumatano, na baba yangu hakuwa mtu wa kuvumilia jambo lililorukwa.

Baba alizaliwa Simbo tarehe 2 Oktoba 1949, pacha wa kwanza, ndiyo maana akaitwa Bukuru, na padre aliyembatiza akampa jina la mtakatifu wa siku hiyo. Pacha wake, Butoyi, hakufika hata mavuno ya maharage, alikufa kwa homa, lakini bibi yetu Rozalia hakukubali kwamba ni homa, alimshuku mke mwenzake, akaacha kupokea hata chumvi kutoka nyumba ile, na mtoto aliyebaki akamlea kwa kumfundisha kwamba kikombe hutazamwa kwanza ndani, kisha ndipo kinapelekwa mdomoni.

Alianza shule ya misheni mwaka 1958, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1969, na mwaka 1971 alikwenda Moshi kusomea mambo ya ushirika, akarudi Kigoma mwaka 1973 na kuajiriwa kuwa mkaguzi wa mizigo gatini. Kazi hiyo ilimfaa kuliko nguo aliyoivaa, kwa maana alipita kila pipa la mawese akiligonga kwa kijiti, akasikiliza kama ni mafuta hadi chini au ni mafuta juu na maji chini, na wafanyabiashara wengi waliokuwa wakimwita Mzee Hakikisha kwa kejeli walikuja kumwita hivyo kwa heshima. Tarehe 17 Julai 1976 alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Agnesi, wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1977, Wilfred mwaka 1981 na Wema mwaka 1986.

Sasa naingia mahali ambapo karatasi ya kamati iliruka, na kabla sijaingia namsalimu baba mdogo Jeremia, shikamoo baba mdogo, naomba uniache nimalize, halafu utasema ukitaka.

Hapo gatini baba alikutana na Chande Haruna wa Kasingirima, fundi wa injini za maboti, mtu wa Ujiji ambaye wazee wake walikuja na biashara za pwani zamani wakabaki. Baba alimshuku Chande kwa muda mrefu, kwamba anabadilisha vipuri, kwamba anauza dizeli, akafuatilia kila alichofanya, hakukuta kitu, mwishowe akachoka kumshuku, na kwa baba yangu kuchoka huko ndiko kulikoitwa urafiki. Mke wa Chande, bibi Zuhra, na mama yetu walikuwa wakipikiana, Idi tulishinda kwao, Krismasi walishinda kwetu.

Mwaka 1979 mfanyabiashara mmoja wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, mambo yalimharibikia, akawa anauza gari lake la Kimarekani, Chevrolet Chevelle la mwaka 1969, milango miwili, rangi ya kijani, usukani kushoto. Baba na Chande walilinunua kwa ubia bila kwenda kuliona, likavushwa kwa meli ya mizigo, na mwezi Novemba likashushwa gatini mbele ya mji mzima. Ubavuni, nyuma ya gurudumu la mbele, lilikuwa na namba ya chuma, 396, na baharia mmoja akamwambia baba kwamba hizo ni inchi za ujazo wa injini, karibu lita sita na nusu, wakati Land Rover za serikali tulizozizoea zilikuwa na lita mbili na kidogo. Baba akasimama juu ya bampa, akawatangazia watu kwamba hii ndiyo injini kubwa kuliko zote kuanzia hapa hadi Tabora, na maneno hayo hakuacha kuyasema kwa miaka zaidi ya ishirini.

Wenye umri wa kukumbuka mnalikumbuka gari lile, lilibeba maharusi wa Kigoma na Ujiji, Waislamu kwa Wakristo, na mlio wake ulisikika ukiwa Mwanga wakati lenyewe bado liko Ujiji. Baba aliendesha, Chande alitengeneza. Baba hakuwahi kushika spana maishani mwake, kazi yake ilikuwa honi, kitambaa cha kufutia na ulinzi, na kila lilipochemka mlimani, nalo lilichemka mara nyingi, alishuka akasimama pembeni kwa hadhi huku Chande akimwaga maji kwenye rejeta.

Mwaka 1994 baba alihamishiwa ofisi ya ushirika Kasulu, akaliacha gari uani kwa Chande, na aliporudi mwaka 1998 alilikuta juu ya mawe, limefunikwa turubai, salama. Miaka ile mji ulikuwa umejaa watu kutoka ng'ambo, biashara ya maboti ilikuwa imechachamaa, na injini yoyote yenye nguvu ilipata mnunuzi kabla haijapoa. Hilo baba alilijua, lakini hakuliwaza, mpaka mwaka 2003.

Mwaka huo alikuja mgeni kutoka Arusha, mnunuzi wa magari ya zamani, baba akampeleka uani kwa Chande, mwenyewe akiwa gatini, mgeni akafungua boneti, akainama, akafuta vumbi, kisha akauliza, "Mzee, nani alibadilisha injini hii?"

Baba akamwambia haijabadilishwa.

"Gari hili lilitoka kiwandani na injini kubwa," mgeni akasema, "hii iliyomo ni injini ndogo."

Baba akakasirika, akamwonyesha namba iliyotokeza kwenye bloku yenyewe, yaani mwili wa chuma wa injini, 400, akamuuliza ni shule gani inayofundisha kwamba mia nne ni ndogo kuliko mia tatu tisini na sita. Mgeni yule, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akamweleza kwamba kwa magari yale ya Kimarekani ukubwa wa injini hausomwi kwenye ujazo peke yake, kwamba kiwanda kilikuwa na bloku za namna mbili, bloku kubwa na bloku ndogo, na tofauti yake iko kwenye chuma chenyewe, mwili wake, uzito wake, nafasi iliyoachwa kati ya silinda na silinda, kwa hiyo bloku ndogo ukiipanua matundu ya silinda mpaka mwisho inaweza kufikisha mia nne na bado ikaitwa ndogo, na bloku kubwa ya mia tatu tisini na sita ikabaki kuwa kubwa. Akamwonyesha mfuniko wa vali uliofungwa kwa bolti nne tu, akamwambia kubwa ina saba. Kisha akaaga, hakununua.

Ndugu zangu, baba alirudi nyumbani, akakaa kitandani na viatu, na mama alipomuuliza kuna nini akajibu neno moja, "Chande."

Kesho yake alikwenda Kasingirima, akamwambia rafiki yake mbele ya mkewe na wateja wake kwamba ameuza injini kubwa kwa watu wa maboti, akatia ndogo, akafunika turubai. Chande alijibu, "Leodgar, injini hii ndiyo iliyokuja na gari," akarudia vivyo hivyo mbele ya baraza la kata, hakuongeza neno, na baba aliona kwamba mtu asiyeongeza neno ana jambo analolificha. Baraza halikupata ushahidi. Baba alimwondoa Chande katika maisha yake, akalivuta gari kwa kamba hadi hapa Bangwe, na lipo pale nyuma chini ya mabati, hata kama leo mmelitundikia makoti.

Kilichofuata sitakipamba. Mtu aliyeamini kwamba ameibiwa na rafiki aliyemchunguza hadi akachoka hawezi tena kuamini uchunguzi wake, akaanza upya kwa kila mtu. Alichora mstari wa mkaa kwenye dumu la mawese ajue nani amechota, akabadilisha kufuli la stoo, akamuuliza mama mbele yetu kwa nini Zuhra bado anamletea tende. Bibi Zuhra alipofariki mwaka 2011, baba alikataza mtu wa nyumba hii kwenda Kasingirima, mama akajifunga kanga yake, akasema, "Nitazikwa na watu, sitazikwa na injini," akaenda peke yake kwa miguu. Baba alikaa siku ile barazani akitazama barabara. Mama naye alitutoka tarehe 3 Septemba 2016, na Chande alikuja, akasimama nje ya uzio pamoja na wapita njia, akaomba dua yake, akaondoka, na baba alimwona.

Mwaka 2022 baba aligundulika kuwa na sukari iliyokwisha kugusa figo. Madaktari walimweleza kwa upole, yeye akachukua vidonge vyao akavipeleka hospitali nyingine kuuliza ni vidonge vya nini, na alipoambiwa ni vile vile akauliza kama madaktari wale wawili walisoma pamoja. Lakini ugonjwa ulimfanyia jambo moja, ulimfanya atake kupata ushahidi wake kabla hajafa, na mwezi Juni 2023 aliniambia nimsindikize Kalemie, akamtafute yeyote aliyelijua lile gari, ili ashike mkononi uthibitisho kwamba lilivuka ziwa na injini kubwa.

Tulivuka kwa boti, mimi nikiogopa maji, yeye akitazama mfuko wa dawa kana kwamba abiria wote wamekuja kwa ajili yake. Kalemie tuliuliza bandarini, tukauliza sokoni, na mwishowe tukaelekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa yule tajiri, Papa Kyungu, tulimkuta ameketi kwenye kiti cha gari mbele ya nyumba yake, macho yamefifia, lakini aliposikia neno Chevelle alicheka.

"Ile moteri nkubwa ilikufa zamani," akasema kwa Kiswahili chao, moteri ikiwa ni injini. "Ilipasuka bloku. Ni miye njo nilitoa, nikatia ile ndogo ya mutokari ingine. Patron akasema acha namba ya inje, watu wanapenda namba."

Baba akamuuliza ni lini.

"Mbele ya kuuzisha kwenu," akajibu, maana yake kabla hatujauziwa.

Baba akamuuliza anaweza kuapa. Papa Kyungu akasema kwa umri wake kiapo hakina kazi, na tukiwa tunaondoka akauliza swali la kifundi tu, bila kujua anachouliza, "Kule kwenu ilikuwa inachemka? Ile ya mia nne silinda zake zimegandana, maji haipiti katikati, inachemka ku milima."

Ndani ya boti tukirudi, milima ya upande wa pili ilipofifia, baba akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unadhani Chande amemtumia salamu yule mzee kabla hatujafika?" Nikamwambia sidhani. Akasema, "Pesa inavuka ziwa kirahisi kuliko mtu." Nikaona safari yote imepotea. Lakini mara akashika ukingo wa boti, akasema, siyo kwangu, kwa maji, "Lilichemka kwenye harusi ya Zuhra." Harusi ya Chande na Zuhra, Februari 1980, ndiyo ya kwanza gari lile kubeba, na lilichemka mwinuko wa kwenda Mwanga bibi harusi akiwa ndani, baba mwenyewe ndiye aliyeshuka kuomba maji nyumba za jirani. Kama lilichemka tangu siku ile, basi injini ndogo ilikuwamo tangu mwanzo. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hilo, hakuna aliyeweza kulipwa alitie kichwani mwake, alilijua mwenyewe miaka yote ishirini aliyomshtaki mwenzake.

Hatukupitia nyumbani. Kutoka bandarini alisema twende Kasingirima.

Chande alikuwa uani, akifungua pampu ya boti, mikono yake imezeeka lakini inafanya kazi ile ile, akatuona, akasimama. Nikamwamkia, akaniitikia, baba hakuamkia.

"Kyungu yupo hai," baba akasema.

Chande akaweka spana chini. "Amekwambia?"

"Ameniambia ni ndogo tangu kule. Nataka kujua wewe ulijua lini."

"Siku ile ile, gatini. Kyungu ndiye aliyelisindikiza gari kuvuka, akaniambia."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa umeshapanda juu ya bampa, Leodgar. Unawatangazia watu. Nikasema nitamwambia kesho, na kesho ukawaambia wengine."

"Na baraza? Mbele ya baraza kwa nini hukusema?"

"Ningesema nilijua tangu mwanzo, ungeuliza nimekuficha mangapi mengine. Sema kweli, ungeniamini?"

Baba alifikiri, na mimi nawaambia alifikiri kweli, kwa sababu hakuwa mtu wa kutoa jibu asilolikagua. "Nisingekuamini," akasema. Kisha akaketi juu ya tairi lililokuwa hapo, akasema, "Zuhra sikumzika."

"Hukumzika," Chande akasema, na hakumpunguzia.

Wakakaa hivyo, wazee wawili hawatazamani, mpaka baba akakohoa, akaomba maji. Chande akaingia ndani mwenyewe, akayaleta kwenye kikombe cha bati, na baba yangu, ambaye sikupata kumwona akipokea kitu bila kukichungulia, alikipokea akimtazama Chande usoni, akanywa yote.

Tangu siku hiyo hadi alipoanguka, kila Jumapili baada ya misa baba alikwenda Kasingirima, wakala ugali na migebuka, wakagombana kuhusu gari, Chande akitaka ile namba ya ubavuni ing'olewe kwa kuwa ni uongo, baba akisema iachwe kwa kuwa watu wanaipenda.

Nafikia ugonjwa wa mwisho. Jumapili tarehe 9 Machi 2025, kwa kuwa ni Ramadhani, baba alikwenda jioni akafuturu kwa Chande, Jumatatu asubuhi alishindwa kuinuka, tukamkimbiza hospitali, madaktari wakatuambia figo zimesimama, na Jumatano tarehe 12 Machi, saa nne asubuhi, alifariki, Wilfred amemshika mkono wa kulia, Wema wa kushoto. Hayo ndiyo yaliyotokea. Yaliyosemwa ni mengine. Ilisemwa kwamba alilishwa, ilisemwa kwamba Mwislamu yule alisubiri miaka ishirini alipize kisasi cha baraza, na vijana wa ukoo wetu walitumwa Kasingirima kuchukua sufuria lililopikiwa samaki ili likapimwe, wakalibeba barabarani mchana mbele ya majirani, na mzee wa miaka sabini na saba akawafungulia mlango mwenyewe, akawapa na mfuniko. Sitataja aliyewatuma, anajijua na amekaa mbele. Daktari alishatueleza sisi watoto, barua ya hospitali ninayo, figo zilikuwa zikizimika tangu mwaka 2022, na samaki wale Chande aliwala pia, pamoja na wajukuu zake, na wote wapo.

Ndugu zangu wa Simbo, nawaelewa, mimi pia ni mjukuu wa Rozalia, najua jinsi shuku inavyokaa kifuani kama mtu mwenye haki. Lakini baba yenu na kaka yenu alipoteza miaka ishirini kwa kuhesabu mia nne dhidi ya mia tatu tisini na sita, akavuka ziwa akiwa mgonjwa ili atoke humo, na sitakubali tumrudishe humo siku ya kumzika.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia akiwauliza kila sindano ni ya nini, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani wa ushirika na wa gatini, namshukuru Baba Paroko na jumuiya yetu, akina mama wa Bangwe mliopika tangu Jumatano, na vijana mliochimba kaburi Simbo katika mvua.

Na mzee Chande Haruna, ambaye tangu asubuhi umekaa kwenye benchi la nje ya uzio kama ulivyosimama kwa mama, baba yetu mkubwa, shikamoo. Sisi watoto watatu tumekubaliana. Waliopangwa kubeba jeneza ni sita, mmoja amejitoa leo asubuhi kwa hasira, na nafasi yake ni ya mbele, upande wa kulia. Tunaomba uingie ndani.

Tunangoja, Baba Paroko, tumpe nafasi, anatembea polepole. Wilfred, mshike mkono.

Pumzika sasa, baba, kwa amani uliyoichelewesha mwenyewe.